Profesa aliyesahihishwa na mama wa kijijini: maneno yangu kwa vijana wa teatre, komini ya Kenya, Lubumbashi

Wandugu, naweka hapa maneno yote niliyosema Jumapili kwenye sale ya parokia, juu wengi hawakufika, kuna waliokuwa kilio na kuna wale mvua iliwafungia njia. Sikupunguza kitu. Mengine niliyasoma kwa karatasi, mengine yalitoka kichwani, kijana mmoja wa kundi alirekodi kwa telefone yake nami nimekaa siku tatu nikiandika.

Bapapa, bamama, bandugu zangu, na ninyi vijana wa teatre mulioniita: jambo yenu bote!

Tuko komini ya Kenya. Na leo nimewaletea habari ya mtu wa Kenya, lakini Kenya ile ingine, ile inchi. Mtoto wetu wa hapa akisema "mimi niko wa Kenya" tunajua anasema mitaa hii yetu. Basi kaeni na hiyo kichwani, mtu wa Kenya anakuja kwa watu wa Kenya, tuone kama tutasikilizana.

Anaitwa Ngugi wa Thiong'o. Aliandika michezo ya teatre, aliandika romani, alifundisha, alifungwa, alikimbia inchi yake, akafa mbali na kwao tarehe 28 Mei 2025 na miaka 87. Vijana waliponiita waliniambia, Mwalimu, utuelezee maisha yake, itatupa nguvu. Nikasema sawa. Lakini kabla sijaanza niwaulize swali moja, munijibu kwa roho safi. Mwezi uliopita mulicheza hapa hapa, kwenye sale hii. Mulicheza vizuri, mimi nilikuwepo, nilikaa safu ya pili. Mchezo ulikuwa kwa Kifaransa, Kifaransa kizuri sana. Je, mama zenu walikuwa wapi?

Mama zenu walikuwa pale mlangoni. Niliwaona. Wengine walikuwa na beseni ya karanga, wengine walikuwa wamekaa kwenye ngazi wakingoja muishe, mupange viti, murudi nyumbani kula. Na mchezo ule ulikuwa unasema nini? Ulikuwa unasema juu ya mama anayenyang'anywa parseli, kiwanja chake cha nyumba, na wandugu wa bwana yake aliyekufa. Yaani mulikuwa munasema habari yao, na wao walikuwa nje.

Tuache hapo kwanza. Tutarudi.

Ngugi alizaliwa mwaka 1938, karibu na Limuru, kule kwenye milima ya baridi yenye mashamba ya chai, si mbali na Nairobi. Baba yake alikuwa na wake wanne, na mama yake, Wanjiku, alikuwa wa tatu. Mama hakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1947, jioni moja, huyu mama anamuuliza mtoto: unataka kwenda masomo? Mtoto hakuamini, maana masomo ilikuwa feza, na feza haikuwepo. Mama akamwambia nitatafuta, lakini tuagane kitu: usije siku moja ukaniletea haya, ukakataa masomo juu ya njaa au juu ya shida ingine yoyote. Mtoto akakubali. Na toka siku ile, kila akirudi na pointi zake, mama anauliza neno moja tu: hiyo ndiyo mwisho wa nguvu yako? Amepata pointi zote, mama anauliza vilevile, hiyo ndiyo mwisho wa nguvu yako?

Bamama, munasikia? Mtu asiyejua A wala B ndiye anamsahihisha mtoto wa masomo. Shikeni hilo, juu maisha yote ya huyu bwana, mimi ninavyoyasoma, ni hilo tu. Ni mtu aliyekubali kusahihishwa na watu wasio na diploma. Wengi watawaambia ukubwa wake ni kuandika vitabu mingi, au ni kufungwa. Mimi nasema hapana. Waandishi wenye vitabu mingi wako, na waliofungwa wako mingi pia, sisi Wakongomani tunajua. Profesa anayekaa kimya mbele ya mama wa shamba anamwambia "hapa umekosea", huyo mumemuona wapi?

Sasa masomo. Mwanzoni alifundishwa kwa Kikuyu, lugha ya kwao, na alikuwa anafanya vizuri. Kisha mwaka 1952 ikaja ile hali ya hatari, vita ya Mau Mau, Wakenya waliopigania ardhi na uhuru, Waingereza waliotawala inchi wakazishika masomo, na Kikuyu kikawa zambi. Mtoto akishikwa anasema Kikuyu karibu na masomo, fimbo tatu ao tano, ao anafungwa shingoni kibati kimeandikwa "mimi ni mjinga", "mimi ni punda". Na wanamjuaje aliyesema? Mwalimu anampa mtoto mmoja kifungo asubuhi, na yeye anampa yule atakayemsikia anasema lugha ya nyumbani, huyo naye anampa mwingine, na jioni aliyebaki nacho anawataja wote. Watoto wanafundishwa kuuzana.

Munacheka wazee, juu munaijua. Hapa tulikuwa na kibao, tuliita symbole. Wangapi hapa walivaa symbole? Inueni mikono. Tazameni, vijana, tazameni mikono ya wazazi wenu.

Na mimi mkono wangu siuinui kwa sababu mimi nilikuwa upande mwingine. Mimi ndiye niliyevika watoto. Nilikuwa mwalimu kijana, miaka ya 80, kwenye masomo moja ya mji huu ambayo sitaitaja. Siku moja kwa rekreasio mtoto anakuja mbio, anapumua kwa nguvu, ananiambia, Mwalimu, mwenzetu ameanguka mu shimo! Nami nikamwambia: kwa Kifaransa. Wandugu, nilimwambia hivyo. Mtoto akasimama pale anatafuta neno la "shimo" kwa Kifaransa, mdomo wazi, macho yanatembea, halipati. Nilimngoja. Kisha nikamvika symbole, ndipo nikamfuata nione kuna nini. Yule aliyeanguka alivunjika mkono, alikuwa chini kule analia, na mimi nilikuwa namngoja mtoto apate neno. Yule mtoto leo ni mtu mkubwa, ana wajukuu, tunasalimiana kwa soko kama hakuna kitu. Nilipomsoma Ngugi anaeleza kile kibati cha shingoni, nilifunga kitabu. Sikuweza kuendelea siku ile.

Haya. Vita ile ilimfikia nyumbani kwake. Kaka yake Wallace aliingia msituni na Mau Mau. Ndugu yake mwingine, Gitogo, mtoto wa baba yake, alikuwa kiziwi. Askari wa Waingereza wakampigia kelele asimame, hakusikia, wakampiga risasi mgongoni. Na mwaka 1955 Ngugi akaingia masomo ya sekondari ya Alliance, masomo kubwa ya wakati ule. Muhula wa kwanza ukaisha, akarudi likizo na furaha yake yote, na univormu yake, akafika nyumbani, hakuna nyumbani. Kijiji kimebomolewa. Watu wote wamesukumwa na serikali kwenda kujenga kijiji kipya ambacho askari wanaweza kukilinda na kukichunga. Kile kijiji kipya kinaitwa Kamirithu. Kishikeni hicho jina, Kamirithu, kitarudi mara mbili.

Sasa hapa nitapita mbio, juu ni vyeo na miaka, mutavisoma wenyewe. Akaenda Makerere kule Kampala. Mwaka 1962, Uganda inapata uhuru, mchezo wake wa kwanza mkubwa, The Black Hermit, unachezwa kwenye teatre ya taifa ya Kampala. Mwaka 1964 romani yake ya kwanza inatoka, Weep Not, Child, 1965 ya pili, 1967 A Grain of Wheat ambayo mimi naiona nzuri kuliko zote alizoandika kwa Kiingereza. Akasoma Leeds, Uingereza. Akarudi kufundisha Nairobi, na 1968, yeye na wenzake wawili, Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, wakaandika barua wakisema idara ya Kiingereza ya universite ivunjwe, masomo ya fasihi yaanze na Afrika, hayo mengine yafuate. Alikuwa anaitwa James Ngugi, akaacha James. Mtu mkubwa sasa, profesa, jina lake linajulikana London na Marekani.

Na nyumba yake iko wapi? Iko Limuru, karibu na Kamirithu. Na mule Kamirithu nani amesoma vitabu vyake? Yeye mwenyewe swali hili lilimkaa: anajua anaandika juu ya nani, lakini anamuandikia nani?

Basi mwaka 1976 mama mmoja wa Kamirithu anakuja kumgongea mlango. Anamwambia, tumesikia una masomo mingi na unaandika vitabu. Kwa nini hutupi na sisi kidogo? Hatutaki yote. Kidogo tu, na kidogo ya wakati wako. Profesa akajibu vile sisi tuliosoma tunavyojibu, ndiyo mama, tutaona. Jumapili ingine mama akarudi. Jumapili ingine tena akarudi. Akarudi mpaka profesa akaona haya, akaenda.

Mimi huyu mama nampenda sana. Wandugu, teatre ile inayozungumzwa dunia nzima, ilianza na mama anayerudi mlangoni.

Ngugi akaenda na mwenzake, Ngugi mwingine, Ngugi wa Mirii. Walianza na darasa la watu wazima kujifunza kusoma, kisha wakaona waandike mchezo. Sasa muandike kwa lugha gani? Hapo hapakuwa na swali tena, watu wale walikuwa wafanyakazi wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Limuru, vibarua, watu bila kazi. Utawaandikia Kiingereza uwaambie nini? Kwa hiyo wakaandika kwa Kikuyu: Ngaahika Ndeenda. Kwa Swahili imetafsiriwa Nitaolewa Nikipenda, iko, muitafute.

Mchezo unasema nini? Kuna bwana anaitwa Kiguunda, kibarua, mali yake yote ni kishamba kidogo, ekari moja na nusu, na karatasi ya shamba ameifunga ndani ya kioo ameitundika ukutani. Kama vile hapa mtu anavyoficha karatasi za parseli chini ya matela, yeye aliitundika. Anakuja tajiri anayemtumikia, na bibi yake, na Biblia mkononi, wanamwambia wewe na mke wako hamukufunga ndoa kanisani, munaishi kwa zambi, na binti yenu anatembea na mtoto wetu, sasa mutengeneze arusi ya kanisa kwanza. Arusi inataka feza. Feza iko banki. Banki inataka karatasi. Ile karatasi inatoka ukutani. Ninyi munajua kiisha yake, siwaelezi, juu kila familia ya mji huu ina arusi ambayo bado inalipwa.

Lakini ngojeni, utamu hauko kwenye ile hadisi. Utamu uko kwenye repetisio, yaani mazoezi ya mchezo. Walifanya repetisio nje, wazi, hakuna ukuta. Kila mtu anayepita anasimama, anatazama, anasema neno. Na walisema! Profesa ameandika maneno ya mzee fulani kwenye mchezo, wanakijiji wanamwambia hapana, mzee hasemi hivyo, kama unataka awe na heshima lazima atumie mezali hii na hii, ninyi watu wa universite mulisoma nini kule? Wafanyakazi wa kiwanda wanasahihisha hesabu ya mshahara na shida za kazi, maana ni wao wanaozijua. Wazee wanasahihisha nyimbo za zamani, huu hauimbwi hapa, huu una maneno mengine. Wanawake wanasahihisha sherehe ya arusi, hatua kwa hatua. Na profesa anaandika. Anafuta, anaandika. Mtu ambaye vitabu vyake vinafundishwa ng'ambo, anafuta sentensi yake juu mfanyakazi wa chai amesema siyo.

Vijana, swali langu: tekisiti yenu ya mwezi uliopita, nani aliisahihisha? Mimi. Muliniletea mimi, nikawarekebishia Kifaransa, nikaweka mstari mwekundu pale mulipokosea subjonctif. Kuna mama yeyote wa kartiye hii, mmoja tu, aliyenyang'anywa parseli, muliyemwambia "Mama, keti, sikiliza, tuambie wapi tumekosea"? Hakuna. Na mimi sikuwaambia mufanye hivyo. Tumekosea pamoja.

Na uwanja wa kucheza? Hawakuwa na sale. Vijana wa kijiji wakapanga mfano wa teatre kwa vijiti vya kiberiti, kisha wakaijenga kweli, kwa mikono yao, teatre ya wazi yenye nafasi ya watu 2000. Elfu mbili! Tarehe 2 Oktoba 1977 wakafungua, na watu wakaja, wanakodi basi kutoka mbali kuja kuona wakulima na wafanyakazi wanacheza maisha yao. Kumbukeni ni Kamirithu, kijiji kile kile serikali ya Waingereza ilichowasukumia watu kwa nguvu. Sasa watu wenyewe wamejenga kitu mule, kwa hiari.

Wiki sita na siku chache tu. Tarehe 16 Novemba serikali ikaondoa ruhusa, mchezo ukafungwa.

Na hapa nawaomba mufikiri pamoja nami, juu hapa ndipo mimi niliamka. Mwaka ule ule, mwezi wa saba 1977, Ngugi alikuwa ametoa romani ya Kiingereza, Petals of Blood. Romani kali sana, inasema wazi vile wakubwa wa uhuru walivyowala wananchi wao. Serikali ilifanya nini? Waziri wa feza mwenyewe, Mwai Kibaki, yule aliyekuja kuwa rais, ndiye aliyekuja kuizindua Nairobi! Walipiga makofi. Miezi michache mbele, maneno yale yale yanasemwa kwa Kikuyu, yanasemwa na vibarua mbele ya vibarua, na usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Desemba polisi wanakuja nyumbani na magari, wanachukua vitabu, wanamchukua na yeye. Hakushtakiwa. Hakupelekwa mbele ya juji. Gereza la Kamiti, namba K6,77, basi.

Kitabu cha Kiingereza: makofi. Mchezo wa Kikuyu: gereza. Mimi simtetei mtu kwa upofu, kuna mahali Ngugi anazidisha, lakini hili linaonekana kwa macho. Wakubwa walijua, labda kuliko waandishi wenyewe, maneno yana nguvu wapi.

Kule Kamiti akaamua: romani yake mpya ataandika kwa Kikuyu. Karatasi hakuna. Akaandika juu ya karatasi ya choo. Na karatasi ya choo ya gereza ile ilikuwa ngumu, inachubua, ni azabu ya mfungwa, lakini kwa kalamu ilikuwa nzuri, wino hautawanyiki. Akikosa neno la Kikuyu anawauliza wafungwa wenzake. Munaona? Hata gerezani anaendelea kusahihishwa. Siku zinakaribia za kutoka, walinzi wanapekua, wanachukua kila kitu, jasho la mwaka mzima. Baada ya wiki tatu hivi mkuu wa gereza anamrudishia, anamwambia sikuona ubaya ndani yake, lakini unaandika Kikuyu kigumu sana. Ndiyo Caitaani Mutharabaini, Shetani Msalabani kwa Swahili. Rais Kenyatta alifariki Agosti 1978, na Desemba wafungwa wa namna yake wakaachiliwa. Kitabu kikatoka 1980, na watu wakawa wanasomeana. Nyumbani, ndani ya matatu, kwenye bar, mmoja anajua kusoma, wengine wanasikiliza, akifika mahali patamu anaacha kwanza, glasi yake ijazwe. Romani inasikilizwa kama redio!

Universite haikumrudishia kazi. Mwaka 1982 kundi la Kamirithu likataka kucheza mchezo mwingine, Maitu Njugira, kwenye teatre ya taifa Nairobi, likafungiwa mlango. Na tarehe 12 Machi polisi wenye silaha wakaenda Kamirithu wakabomoa teatre. Ile ya vijiti vya kiberiti. Ile ya watu 2000. Ni mara ya pili katika maisha yake anaona mahali pake pamesawazishwa na udongo, mara ya kwanza na Waingereza, mara hii na watu wa rangi yake, waliozaliwa naye. Sijui ipi inauma zaidi. Ninyi wazee mulioona mambo ya mji huu munaweza kujibu.

Mwaka ule ule akaenda London kwa ajili ya kitabu, akaambiwa akirudi atashikwa, akabaki. Miaka 22 nje. Kule akaandika Matigari, 1986, juu ya mtu aliyetoka msituni anatembea inchi nzima anauliza ukweli na haki viko wapi. Na Ngugi anasimulia vile serikali ilisikia wakulima wanamzungumza huyu Matigari, ikatoa amri akamatwe! Walipojua ni mtu wa kitabu, wakakamata kitabu, wakapita madukani wakakusanya. Alirudi 2004, watu wakampokea kwa ngoma, na siku chache baadaye majambazi wakamvamia yeye na mke wake mahali walipolala, wakawatesa vibaya. Akarudi Marekani, California, akaendelea kufundisha na kuandika kwa Kikuyu mpaka uzee. Nimepita mbio hapo, nisameheni, mimi roho yangu imebaki Kamirithu.

Sasa mtu ataniuliza, Mwalimu, sisi lugha yetu ni ipi? Yeye alikuwa na Kikuyu chake. Hapa huyu ni Mubemba, huyu Muluba, huyu Mulunda, huyu Musanga, na Swahili hii yetu ililetwa na kazi, ilikuwa ya kambi za Union Minière, ile kampani ya migodi, wazungu ndio waliitaka ili waelewane na wafanyakazi. Ni kweli. Hapo mimi na Ngugi hatufanani kabisa. Lakini nawauliza: mukiota ndoto munaota kwa lugha gani? Mama akigombana na jirani juu ya maji, kwa lugha gani? Ndiyo hiyo. Ilikuja kwa amri, sasa watoto wanazaliwa ndani yake.

Na musifikiri tunaanza leo. Mwaka 1965 mtu mmoja, André Yav, kwa niaba ya watumishi wa nyumbani, maboyi, aliandika historia ya mji huu kwa Swahili hii hii yetu, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Ni maboyi! Wameandika mji vile waliuona toka jikoni kwa muzungu. Vijana, nani kati yenu ameisoma? Na kundi la Mufwankolo? Wazee hapa wanacheka hata nikitaja jina, juu wamekua nalo, redioni na kwenye televizyo, Swahili ya Lubumbashi. Wale hawakuandika tekisiti. Walikaa pamoja, wanapewa wazo, kila mmoja analeta maneno yake, wanajaribu, wanabadilisha. Mtaalamu mmoja wa Ulaya, Johannes Fabian, mwaka 1986 alikuwa nao hapa wakitengeneza mchezo kutoka kwa mezali moja, Le pouvoir se mange entier, yaani mamlaka inaliwa nzima, akaandika kitabu kizima. Mtu anatoka mbali kuja kujifunza kwa wazee wetu vile mchezo unazaliwa, na sisi hapa tunasahihishana subjonctif.

Tena kuna kitu sijaona mtu wa mji huu anakicheza. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma, wakataka mshahara, wakakusanyika kwenye uwanja wa mpira wa mji huu, na wakapigwa risasi. Pale wajukuu wao wanapita kila siku. Sikuambieni muandike hiyo, mutachagua wenyewe, lakini ninawaambia mzee fulani wa kartiye hii alisikia habari hiyo kwa baba yake aliyekuwepo, na huyu mzee hajaulizwa na mtu.

Basi ombi langu ni dogo. Ule mchezo wa parseli musiutupe, ni mzuri. Muuchukue, muutoe kwenye sale, muende kwenye parseli ya mama mmoja atakayekubali, chini ya mwembe, Jumamosi mchana akiisha kufua. Muucheze kwa Swahili, hata kama bado munasoma kwa karatasi. Na akisema "apana, ule shemeji hawezi kuingia namna ile, kwanza angetuma mutoto", mufute. Hata pale mahali munapapenda sana. Mimi nitakuja, nitakaa chini, kalamu yangu nyekundu nitaiacha nyumbani.

Nimesema mingi. Toka nimeanza kuna mama pale nyuma, mwenye kitambaa cha kijani, kila nikitaja ule mchezo wenu anatikisa kichwa. Mara tatu nimemuona. Nafikiri ana neno juu ya ile sehemu ya wandugu wa bwana. Kijana, pelekea mama mikro.